Boni ya Picha Tatu

Anselme amekufa kitandani mwake, amefunikwa blanketi, watoto wake wamemzunguka. Habari aliniletea jirani yangu Mama Kavira, hapa kwangu mtaa wa Ruwenzori, Beni, asubuhi moja nilipokuwa nachagua mawe kwenye mchele. Aliketi kwenye kiti ambacho wateja wangu hukalia wakisubiri picha zao, akapanga kitenge chake magotini, kisha akangoja niseme lile neno ambalo kila mtu hulisema akisikia fulani amefariki. Sikulisema. Niliendelea na mchele wangu. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwuliza mgonjwa kama amemeza dawa: "Mama Zaina, ule muzee alishakufa sasa. Utamuachiliya lini?" Nikamjibu, "Siku yaya yangu Ramazani atarudi nyumbani akule, njo nitamuachiliya." Akaguna, akamaliza chai yake, akaenda zake sokoni.

Simlaumu. Yeye alizaliwa baada ya mwaka ule, na kwake kaka yangu Ramazani ni jina tu ambalo bibi kizee wa jirani hulitaja mara kwa mara. Wote wananiambia nimezeeka, nisafishe moyo, kinyongo humkausha mtu. Mimi nakaribia miaka themanini. Kilichonikauka ni magoti, kinyongo changu kiko salama kabisa, na kila asubuhi nikiamka nakikuta mahali pale pale nilipokiacha. Wala sioni haya kuandika hivyo. Wapo watu waliosamehe wakapata usingizi, nami nawapongeza. Mimi usingizi wangu ni mzuri vilevile. Basi kwa kuwa wanangu wananihimiza niandike, na kwa kuwa sasa hakuna tena wa kunibishia, nitaandika juu ya mwaka ule mmoja na kuacha mengine yote, nilizaliwa na nani na nilisoma wapi, maana hayo hayamsaidii mtu.

Uhuru ulikuwa umekuja miaka michache tu nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifanya kazi Foto Mwangaza, studio ya Anselme Kambale iliyokuwa kwenye barabara kubwa ya Beni. Aliniajiri kwa sababu moja. Wake za wafanyabiashara na wenye malori, Waislamu wenzangu, hawakukubali kukaa mbele ya kamera ya mwanaume, na waume zao walikuwa na pesa. Kwa hiyo Anselme alinifundisha kazi, akanikabidhi kamera ya macho mawili, ile ya kuinamia na kutazama kwa juu, akawa ananituma majumbani. Studio yenyewe ilikuwa vyumba vitatu vilivyofuatana. Mbele kulikuwa na vitrine, kioo kikubwa kilichoelekea barabarani, chenye picha za wateja zilizopangwa safu kwa safu. Katikati kulikuwa na pazia lililochorwa ziwa la bluu, ndege ikiruka juu yake, na ngazi za jumba ambalo hakuna aliyejua liko nchi gani. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha giza, kimetengwa kwa mbao tu, kina mlango mwingine wa kutokea uani, kwenye jiko. Mbao zile zilikuwa na nyufa tulizoziziba kwa vitambaa vyeusi, na kila neno lililosemwa mbele lilipita.

Nataka niwe mkweli, kwa sababu ukweli ndio unaomuumiza zaidi. Anselme alikuwa mwema kwangu. Adhuhuri tulikula jikoni, bugali na sombe, majani ya muhogo, na siku zote alinunua makayabo, samaki wa chumvi, badala ya nyama, ili nisiwe na wasiwasi nyama ilichinjwa na nani. Aliniambia nikae kwenye kigoda kizuri, yeye akakaa kwenye kreti. Alisimulia habari za kwaya yao ya kanisani, jinsi wenye sauti ya chini wanavyosinzia wakati wa mahubiri, nami nilicheka hadi nikapaliwa. Mtu mbaya wa siku zote unamzoea, unakaa naye mbali. Huyu nilikula naye chungu kimoja, na ndiyo maana bado nina hasira.

Biashara yake ilikuwa na utaratibu ambao hakuna mpiga picha mwingine alikuwa nao, si Beni, si Butembo. Ukipigwa picha na ukakubali iwekwe kwenye vitrine, ulilipa nusu. Juu ya hiyo nusu ulipewa boni, kipande cha karatasi ngumu chenye mhuri wa studio na jina lako, cha kukupa haki ya kuchapiwa picha tatu zaidi siku yoyote utakayo. "Uso yako njo publicité yangu," aliwaambia wateja. "Unanipa uso, miye nakupa remise. Nani anapoteza hapo?" Tangazo lake lilikuwa uso, remise ilikuwa ile nusu. Watu walizipenda boni zile. Walizihifadhi pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za mashamba, wengine walitoa boni kama zawadi ya arusi, na niliwahi kusikia mama mmoja sokoni akisema boni ya Anselme ni sawasawa na pesa, tena ni bora, maana pesa ilikuwa inaoza. Mtu aliyekuwa na boni alijua kwamba negatifu yake imelala salama kwenye kabati la Anselme na uso wake hauwezi kupotea.

Kisha waasi wakaingia. Walikuja wakiwa wamevaa majani na ngozi, wakachukua mji bila shida kubwa, na kwa majuma kadhaa wao ndio waliokuwa serikali. Wenye maduka walifunga. Anselme hakufunga. Alipata ngozi ya chui kutoka kwa mkubwa wao mmoja, akaitundika kando ya pazia la ziwa pamoja na mkuki, na ikawa kwamba punguzo sasa ni la yule anayepigwa picha akiwa amevaa ngozi. Vijana wa mji walikuja. Muuza mikate alikuja, fundi cherehani, wanafunzi wa misheni ambao shule zao zilikuwa zimefungwa. Hawakuwa waasi. Walikuwa vijana waliotaka picha kwa nusu bei, na ngozi ilikuwa kitu kipya. Vitrine ikajaa ngozi. Wakubwa wa waasi walipopita walisimama pale wakicheka kwa furaha, wakampungia Anselme mkono, wala hawakumgusa hata mara moja. Nyuso za wale vijana zilikuwa ukuta wake.

Ramazani alikuja siku ya Jumatatu, akiwa na mafuta ya gari kwenye kucha. Alikuwa dereva. Waasi walikuwa wamechukua lori la bluu alilokuwa akiliendesha, na yeye pamoja nalo, akawa anawabebea magunia yao kwa nguvu, akirudi nyumbani jioni amenuna. Lakini alikuwa na uchumba huko Mangina, na kwetu, familia za wenye malori, picha ya bwana arusi hutangulia kwa wakwe kabla yeye mwenyewe hajafika. Alihitaji picha tatu: moja ya wakwe, moja ya mama, moja ya mchumba. Nilikuwa nimeshika taa. Anselme alimwonyesha ngozi.

"Ukiivaa, ni nusu, na boni ya picha tatu. Bila ngozi, ni bei kamili."

"Miye niko dereva, Papa Anselme. Ngozi ya kazi gani?"

"Ya picha tu. Batu banapenda kuiangalia mu vitrine."

"Bibi yangu wa Mangina atakimbia."

"Hapana kimbia. Atasema bwana yake ni mutu mukubwa."

Ramazani alinitazama, akacheka, akaivaa. Alisimama mbele ya ndege na ziwa, mkuki mkononi, na katika kujizuia asicheke akawa na sura kali ambayo sikuwahi kuiona kwake. Anselme akasema vizuri sana, kaa hivyo hivyo. Saa ile ile, nakumbuka, aliingia bibi arusi mmoja Mkatoliki na bwana wake, nami nikamsaidia kupanga shela yake ngazini. Ramazani alisimama mlangoni akiwatania, anawauliza kama watamwalika. Boni yake alimpa mama jioni ile, mama akaiweka kwenye sanduku la nguo zake, picha zenyewe zichapwe vita vikitulia.

Serikali iliporudi, ilirudi na askari wengi na Wazungu wa kukodiwa, na waasi wakakimbilia porini. Asubuhi ile risasi ziliponyamaza, Anselme aliichoma ngozi uani. Moshi wake ulinuka nywele. Aliondoa picha zote za vitrine, akaweka za watoto wa komunyo, lakini zile za ngozi hakuzichoma. Nilimwona akizitia kwenye bahasha pamoja na negatifu zake, akaiweka ndani ya droo. Nilidhani anazitunza kwa sababu ya boni.

Siku chache baadaye, adhuhuri, nilikuwa chumba cha giza, mikono yangu imo kwenye dawa, uso wa mtoto wa komunyo unaanza kutokea kwenye karatasi. Nikasikia buti mbele. Sauti ngeni ikasema, "Weye njo fotografe ya baasi," kisha kofi, kisha kiti kikaanguka. Anselme akaanza kuomba. Alisema ana watoto, alisema anaimba kanisani. Hadi hapo nilimhurumia, na hata leo, kama angeishia hapo, nisingekuwa na neno naye. Mtu akipigwa hulia. Lakini nikasikia droo ikivutwa. Halafu sauti ile ngeni ikauliza kwa Kilingala, "Oyo nani?" huyu ni nani, na Anselme akajibu. Ikauliza tena, akajibu tena. Alitaja jina, kazi na nyumba. Alikuwa na kumbukumbu nzuri ya wateja wake, jambo ambalo siku zote aliniambia ni nusu ya biashara.

"Na huyu?"

"Huyu ni Ramazani, wa lori ya bluu. Anakaa karibu na musikiti, nyuma ya kisima."

"Eko muasi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja. Neno lenyewe alilijua, kila siku aliwaambia wateja hapana, hakuna karatasi, hapana, njoo kesho. Nilimngoja alitamke. Nilimngoja kwa mwili mzima, mikono ndani ya dawa.

"Anavaa ngozi, mon adjudant," Anselme akamwambia yule mkubwa wa askari. "Munaona mwenyewe."

Na wakati natafuta komeo la mlango wa uani gizani, nilisikia sauti yake tena, na sasa ilikuwa imetulia, ilikuwa sauti yake ya kila siku ya kuongea na wateja: "Donc, mon adjudant, ile makarte mupya ya kutembea, picha zake zitapigwa na nani?" Kisha akaniita. "Zaina, tuletee kahawa."

Niliufungua mlango, mwanga ukaingia, mtoto wa komunyo akawa mweusi ndani ya sinia. Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anapika maharagwe, akaniambia Ramazani ameenda kwenye maegesho ya malori kurekebisha gurudumu. Nikakimbilia huko, na njiani gari la askari likanipita. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumsimamisha. Yule mkubwa alikuwa ameshika picha kando ya shavu la kaka yangu, anatazama huku, anatazama huku, kama mtu anayelinganisha rangi ya vitambaa dukani. Ramazani aliponiona hakusema kitu kikubwa. Alisema, "Zaina, ambia mama nitachelewa kukula." Walimpandisha. Siku ile ile waliwachukua wote waliokuwa kwenye bahasha, muuza mikate, fundi cherehani, wanafunzi, wakawapeleka nyuma ya hangari ya kahawa. Tulisikia. Maiti hatukupewa.

Tulikaa kilio bila mwili. Wanawake walikuja wakakaa kwenye mikeka, wakanong'ona. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba kama askari walimchukua basi kulikuwa na kitu, na mwenzake akasema, "Hapana jua, mama, siku hizi batu banabadilika." Hayo nayo yamo katika deni la Anselme: kwamba mama yangu alimlilia mwanawe huku watu wakijiuliza kama alistahili. Siku ya tatu mama alifungua sanduku, akatoa boni. Kwetu Waislamu hatuweki picha ya marehemu katikati ya kilio, na mama alikuwa mtu wa swala tano. Alitaka tu kuuona uso. Nilimweleza hapo hapo nilichosikia nyuma ya mbao, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza boni upande mmoja na mwingine, akasema, "Iko imeandikwa tatu. Anipe tatu."

Ningeweza kwenda kupiga kelele barabarani. Nani angeniamini? Msichana Mwislamu, dada wa mtu aliyeuawa kama muasi, dhidi ya mwimbaji wa misa ya kwanza. Na askari walikuwa kila kona. Nilijua kuwa maneno yale hayana nguvu mdomoni mwangu. Yalipaswa kutoka mdomoni mwake yeye, mbele ya watu, mchana. Kuanzia siku ile nilipanga hilo tu. Nilichota maji nikipanga, nilifua nikipanga. Kazini sikurudi. Kamera ilikuwa nyumbani kwetu siku ile, na sikumrudishia. Hakutuma mtu kuidai, maana alijua mlango wa uani ulifunguliwa na nani.

Yeye alinenepa. Kazi ya karte aliipata, na kila mtu mwenye miguu alihitaji karte ili apite vizuizi vya barabarani. Watu walipanga mstari kwa bei kamili, hakuna nusu, hakuna boni. Baada ya muda akahamia juu Butembo, kwenye baridi na biashara kubwa, akakodi nyumba ya Mgiriki aliyekimbia, karibu na soko, yenye vitrine mbili badala ya moja. Habari zake tuliletewa na dereva mmoja, rafiki wa Ramazani, aliyekuja kutusalimia. Alidhani anatuletea jambo la kufurahisha. Anselme, alisema, ametundika tangazo la Pasaka: remise kwa familia zote, na boni zote za Beni zinakubaliwa, kwa kuwa Anselme ni mtu wa neno lake. Mama akanitazama. Mimi nilikuwa nakula, na nilikula sana siku ile.

Nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba kwa mama za wale vijana. Nilianza na Mama Masika, mama wa Paluku muuza mikate. Alinipokea kwenye chumba ambacho bado kilinuka hamira, ijapokuwa tanuri lilikuwa limezimwa tangu siku ile. Walikuwa wameweka kilio chao cha Kikatoliki na benchi tupu lenye mshumaa, kwa sababu hawakuwa na picha ya kuweka. "Boni iko," aliniambia, "lakini nguvu ya kufika Butembo haiko." Nikamwambia nguvu nitamtafutia mimi. Kwake na kwa wengine wote nilisema jambo lile lile: mvae vizuri, muombe picha zenu kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, na msiondoke. Kwa nini, sikuwaambia. Jumamosi kabla ya Pasaka tulipanda lori la yule rafiki, juu ya magunia ya maharagwe, na dereva alikataa nauli. Hakuna aliyeimba njiani. Kamera niliificha chini ya shuka yangu.

Studio mpya ilikuwa imejaa. Watoto walikuwa na viatu vyeupe, akina baba na makoti, na mzee mmoja alikuwa amekwisha kuketi mbele ya pazia, kofia magotini, anangoja kupigwa. Mlango ulikuwa wazi na mstari ulifika barabarani. Mbele yetu alikuwepo yule bibi arusi wa siku ya Ramazani, sasa ana tumbo kubwa, amekuja na boni yake. Sikumpanga, Mungu ndiye aliyemleta. Anselme alifungua kabati, akatoa bahasha yake bila kutafuta sana, akampa picha tatu alizokuwa amemtayarishia. Shela, ngazi, ndege. Kisha akainua macho akamwona Mama Masika akiweka boni mezani.

"Naomba picha ya Paluku, papa."

"Pole sana, mama. Ile ilipoteya mu vita."

Mama Masika hakuondoka. Alisogea pembeni tu. Akaja mama wa fundi cherehani, akaweka boni yake, akaambiwa imepotea vitani. Akaja wa tatu. Watu waliokuwa kwenye mstari walianza kugeuka kutazama, maana kina mama walikuwa wanazidi kujaa ukutani na hakuna aliyekuwa anatoka. Ndipo akafika mama yangu. Anselme alimtambua, akaniona na mimi nyuma yake, akasema pole haraka haraka kabla hajaulizwa.

"Papa Anselme," mama akasema, "ya huyu bibi arusi haikupoteya. Ilipigwa siku moja na ya mutoto wangu. Zaina alikuwa pale. Ya arusi iko, ya komunyo iko. Ya batoto betu tu njo haiko. Nani alizichagula?"

"Mama, ilikuwa vita."

"Nimesikia. Nani alizichagula?"

Anselme alinitazama. Alitaka nimsaidie, naapa, alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani mteja msumbufu akija. Sikusogeza hata kope. Yule bibi arusi mwenye tumbo akamgeukia akamwuliza kwa upole, kwa sababu kwa kweli hakuelewa, "Papa, banauliza nani alizichagula?" Na upole ule ukamshinda kuliko kofi la askari.

"Balinipiga," alisema. "Balisema nilete picha ya baasi, nikaleta. Banauliza huyu nani, nikasema. Ningefanya je? Nilisema majina. Nilisema fasi banakaa. Paluku wa mikate, nilisema. Ramazani, nilisema nyuma ya kisima..." Akaendelea. Alipokwisha kuanza hakuweza kufunga mdomo, alitaja mmoja baada ya mwingine, majina yale yale niliyoyasikia nyuma ya mbao, na kila jina lilipotoka, mama mmoja ukutani aliguna kama amepigwa tumboni. Nikatoa kamera chini ya shuka, nikainama, nikampiga picha moja. Mwanga ulikuwa mzuri, mlango ulikuwa wazi.

Hakuna aliyemgusa. Askari walikuwa pale sokoni na hatukuwa wajinga. Yule mzee wa mbele ya pazia alisimama, akavaa kofia yake, akatoka. Baba mmoja akawashika watoto wake wenye viatu vyeupe mkono, akatoka. Mstari uliyeyuka hadi barabarani. Ilipofika Jumatatu ya Pasaka, Butembo nzima ilikuwa imesikia, na ilipofika soko la juma lililofuata, Lubero nayo ilikuwa imesikia. Hakuna mtu atakayempa uso wake mtu wa namna ile aushike kwenye kabati. Alipunguza bei kwa nusu. Akapunguza tena. Mwishowe, dereva alituambia, alitundika tangazo la kupiga picha bure kabisa, na bado kiti chake mbele ya lile ziwa kilikaa kitupu. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi kila niliposikia bei mpya. Kabla mwaka haujaisha alifunga, akaenda kulima viazi huko Lubero.

Mimi nikafungua chumba changu Beni kwa kamera yake. Picha ya kwanza niliyoweka kwenye vitrine ilikuwa ile ya Anselme, kubwa, mdomo wazi. Kisha nikawaita kina mama wote na boni zao, maana boni ni boni na lazima mtu azilipe. Kila mmoja nilimchapia picha tatu za Anselme. Mama Masika alizichoma zote kwenye tanuri siku alipoliwasha tena. Mama yangu alibandika moja kwenye mlango wa choo, kwa nje, na ilidumu pale mpaka mvua ikaila. Uso wa Ramazani, ikiwa mtu atauliza, sina. Ile ndiyo ilikuwa picha yake ya pekee. Nikifumba macho napata mafuta kwenye kucha, napata kicheko, lakini pua yake ilikuwaje hasa, siku hizi sina hakika. Uso wa Anselme naujua hadi jino lililovunjika. Hilo nalo nalihesabu kwenye deni lake.

Kesho yake baada ya Mama Kavira kuniletea habari, alikuja mtu mzima kutoka Lubero, suruali imejaa vumbi la pikipiki, akanisalimu kwa heshima na kujitambulisha kuwa ni mwana wa marehemu. Nilimpa kiti. Alisema padri anataka picha ya kuweka juu ya jeneza, na nyumbani hakuna hata moja, maana baba yao maisha yake yote alikataa kupigwa. Mtu fulani amemwambia kuna mama wa studio, Beni, ambaye huenda anayo. Hakujua kitu. Niliitafuta negatifu, kijana wa mashine akaipitisha kwenye ordinateur, kompyuta yake, nikamwekea mbele yake. Aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiwa kijana, machozi yakamtoka.

"Anasema nini hapa, mama?"

Nikamweleza. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Nilimtajia majina yote na kazi zao, na mahali walipokaa. Alisikiliza amekaa kwenye kile kiti, picha magotini, na chai niliyompa ikapoa.

"Mama, na hii mashine ya leo, munaweza kumufunga mudomo?"

"Naweza."

"Aksanti sana, mama."

"Nimesema naweza. Sikusema nitafanya."

Akasema hawana nyingine, akalipa bei kamili, nami nikaitia kwenye bahasha. Walimzika kesho yake, nimeambiwa, watu wengi, kwaya yote, na juu ya jeneza Anselme, mdomo wazi, akitaja majina.